Bampa Lilitangulia Uyole

Jamani, najua mmeshaisikia ile voisi ya jirani yangu, kwamba gari langu lilivutwa na Fuso nikaishia kulia. Imefika mpaka kwa shangazi Chunya, na shangazi mwenyewe anatumia kitochi. Naomba nirekebishe kitu kimoja tu: sikulia. Ulikuwa ukungu.

Mnaijua barabara ya Tukuyu kwenda Mbeya, ukishapita Kiwira unaanza kuutafuta mpando wa Isyonje. Gari likazima hapo. Jioni, baridi, buti imejaa ndizi. Likatokea Fuso linarudi Mbeya, tukapatana bei mpaka Uyole. Utingo akalala chini na kamba yake ya manila, akapapasa, akasema, "Bosi, nimepata chuma." Nani angeinama kuhakiki na baridi ile?

Jirani akapanda mbele kwenye Fuso, kwenye joto, kati ya dereva na utingo. Mimi nikabaki na usukani. Gia nyutro, handibreki chini, ufunguo nimeuacha umefunguliwa ili usukani usijifunge. (Hayo nilipatia, andikeni.) Sasa injini ikizima usukani unakuwa mzito, na breki ukiikanyaga mara mbili tatu inageuka jiwe. Hita nayo hamna, vioo vikajaa mvuke wa pumzi zangu mwenyewe. Nikafuta katundu kwa kiganja, nikaziona taa mbili nyekundu za Fuso. Safari yangu yote ilikuwa hizo taa.

Sikilizeni taratibu hapa. Fuso linabadilisha gia kwenye kona. Kamba inalegea. Inakaza. Nasikia "kraaak!", kama mtu kafungua pakiti kubwa ya biskuti. Kimya. Nikajisemea, ahaa, sasa ndiyo anavuta kiutu uzima, hata mshtuko hakuna. Nikafuta kioo. Taa zimekuwa ndogo. Nikafuta tena. Ndogo zaidi. Nikaulaumu ukungu. Nikaendelea kukata kona kwa mwili mzima, na indiketa nimewasha. Ndipo nikauona mkaratusi wa pembeni unanipita. Kwenda mbele. Mti, jamani! Unaelekea Mbeya!

Nikakanyaga breki kwa miguu yote miwili, nimesimama kabisa ndani ya gari, handibreki nimeivuta karibu ing'oke. Gari likarudi kinyumenyume polepole, kwa adabu zote, likakalisha makalio kwenye mtaro wa shamba la viazi. Nikampigia jirani simu.

"Kaka, mko wapi?"

"Tulia mwanangu, unakuja vizuri! Kila kona naiona namba yako kwenye kioo."

Namba yangu ilikuwa kwenye bampa. Bampa lilikuwa kwenye kamba.

Akaongeza: "Ila shika usukani vizuri, unayumba sana."

Wale mnaouliza kamba ilifungwa wapi: kwenye kibati kinachoshikilia bampa. Pete ya kuvutia gari ilikuwepo, ile unayoikaza kwenye tundu lenye kifuniko mbele, lakini inakaa na jeki, na jeki ilikuwa chini ya ndizi. Wenzetu wanaosafiri na gari-nyumba, kile kigari cha nyuma wanakifunga kwa chuma kigumu, minyororo ya akiba imepishana chini, waya wa taa, na breki inayojikamata yenyewe kigari kikichomoka. Sisi tulikuwa na manila na maombi.

Huko mbele askari akalisimamisha Fuso, akamulika nyuma, akauliza, "Na gari lenyewe?" Majibu ya jirani yangu hapo hayamo kwenye voisi yake, muulizeni. Vijana wa Isyonje wakanitoa mtaroni, malipo yao ndizi, na ndaga fijo, yaani asante sana. Asubuhi fundi akaja, pampu ya mafuta, kwisha. Akanisomea na hili: gari ni otomatiki, linavuta kwa magurudumu ya mbele. Ukiliburuza mbali huku injini imezima na magurudumu hayo yako chini, oili haizunguki kwenye giaboksi, unaiunguza. Kwa hiyo bampa limejitoa mhanga.

Kilichobaki ni dereva wa Fuso, anapiga simu tangu alfajiri anadai hela yake kamili. Anasema makubaliano yalikuwa kuvuta mpaka Uyole, na yeye Uyole amefika akiwa anavuta.