Kusomea sheria Mombasa: hesabu haiishii kwenye shahada

Matokeo ya KCSE, mtihani wa kumaliza sekondari, yakishatoka, nyumba nyingi za Pwani zenye mtoto anayetaka uwakili hurudia swali lile lile: abaki Mombasa au aende Nairobi? Wapo wanaoshikilia kwamba sheria husomwa Nairobi, na bewa, yaani tawi la chuo, la hapa Mombasa ni la waliokosa nafasi. Wengine huuliza kwa nini mtu alipe kodi Parklands ilhali ana kitanda kwao Kisauni. Kila upande una hoja, ila zote mbili hukomea siku ya mahafali, na gharama kubwa iko baada ya hapo.

Shahada ya sheria, LLB, ni ya miaka 4 na haimfanyi mtu wakili. Inafuatwa na mafunzo ya uwakili katika Kenya School of Law (KSL) huko Karen, Nairobi, mitihani inayosimamiwa na Baraza la Elimu ya Kisheria, maarufu CLE, kisha miezi 6 ya uanagenzi katika ofisi ya wakili. Hapo ndipo mtu huapishwa na Jaji Mkuu. Masharti ya kuingia chuo kikuu si yale ya kuingia Karen, na hapa ndipo watu huumia. Chuo kikuu chaweza kumpokea mwenye diploma au shahada nyingine. KSL imekuwa ikishikilia kwamba Jedwali la pili la Sheria ya KSL ya mwaka 2012 linamtaka hata aliyesomea LLB humu nchini awe na wastani wa C+ katika KCSE, na angalau B katika Kiingereza au Kiswahili. B- haitoshi. Aliyepata C, akafanya diploma, akapanda hadi LLB, anaweza kumaliza yote na kukataliwa mlangoni. Mgogoro huu umefika mahakamani mara nyingi na maamuzi hayakuelekea upande mmoja. Ikiwa njia yako ni hiyo, iandikie KSL, ambatanisha vyeti, na usilipe karo ya muhula wa kwanza hadi upate jibu la maandishi. Ahadi ya mdomo kutoka dirisha la usajili wa chuo haina uzito Karen.

Wanaotegemea B ya Kiswahili, na huku Pwani ni wengi, wajue jambo moja. Kwa karatasi alama hiyo ni sawa na ya Kiingereza, lakini mihadhara, mitihani na hukumu utakazosoma ni za Kiingereza. Mahakama za chini hukubali lugha zote mbili. Mahakama Kuu na Mahakama ya Rufaa zinaendeshwa kwa Kiingereza. Mwenye B ya Kiswahili na C ya Kiingereza ataingia, ila mwaka wa kwanza utamtoa jasho.

Jambo la pili la kukagua ni leseni. CLE huidhinisha mahali pa kufundishia, bewa kwa bewa, na leseni ina tarehe ya mwisho. Chuo kikuu cha Nairobi, kwa mfano, kimekuwa kikifundisha sheria Parklands, Kisumu na Mombasa. Mahali pengine jina kubwa la chuo hubandikwa mlangoni kumbe kibali cha sheria ni cha bewa lililo mji mwingine. Tafuta orodha ya CLE yenyewe, uone jina la bewa na muda uliobaki. Leseni ikiisha ukiwa mwaka wa tatu, utakuwa na kazi ya kuhama.

Sasa tuje kwa Mombasa yenyewe. Kwa maoni yetu mji huu hudharauliwa bure, kwa sababu watu hupima jengo la chuo badala ya mji unaolizunguka. CLE inataka kila LLB iwe na masomo 16 ya msingi: mikataba, madhara, jinai, ushahidi, ardhi, katiba na mengineyo. Hayo yatafundishwa popote. Tofauti huja unapotaka kuyaona yakifanya kazi.

Chukua sheria ya mali. Darasani utafundishwa kwamba kilichojengwa juu ya ardhi ni cha mwenye ardhi. Tembea hatua chache hadi Majengo ukute nyumba ya Kiswahili yenye mwenyewe, ambaye kila mwezi humlipa mtu mwingine kodi ya kiwanja. Ndiyo ile nyumba bila ardhi. Mzizi wake uko katika sheria ya hati za ardhi ya mwaka 1908, iliyowataka wenye madai katika ukanda wa Pwani wajitokeze kuyasajili. Nyumba na minazi iliweza kuandikishwa mbali na udongo wake, na ardhi isiyodaiwa ikageuka ya serikali ya kikoloni. Wengi wa Wamijikenda hawakusajiliwa, na maskwota wa leo ni matokeo yake. Sheria ile ilifutwa mwaka 2012, lakini kesi zake bado ziko katika Mahakama ya Mazingira na Ardhi hapa mjini. Mwanafunzi aliyefuatilia kesi moja ya namna hiyo kuanzia ombi hadi hukumu ameelewa sheria ya ardhi ya nchi hii kuliko atakavyoelewa kwa kukariri vifungu.

Kadhalika mirathi. Ofisi ya Kadhi Mkuu imekuwa Mombasa kwa miaka mingi. Kifungu cha 170 cha Katiba kinaipa mahakama ya kadhi ndoa, talaka, mirathi na hadhi ya mtu, pale tu ambapo pande zote ni Waislamu na zimekubali kwenda huko. Ndugu mmoja akikataa, shauri huelekea mahakama za kawaida. Katika mji huu ubishi wa mahali pa kupeleka kesi ni kazi ya kila wiki.

Kisha kuna bandari. Mahakama Kuu ndiyo yenye mamlaka ya kesi za meli, na meli hukamatwa ikiwa ndani ya maji ya nchi, kwa hivyo kazi hiyo huangukia Kilindini, bandari ya Mombasa. Ongeza madai ya mizigo iliyoharibika, bima, na mabishano ya ushuru chini ya sheria ya forodha ya Afrika Mashariki ya mwaka 2004. Tahadhari ni kwamba kozi ya sheria za bahari huweza kuwa kwenye kijitabu cha chuo isiwe kwenye ratiba. Bewa dogo haliendeshi kozi ya hiari isiyo na watu wa kutosha. Usiulize kozi gani zipo. Uliza zipi zilifundishwa muhula uliopita, na nani alizifundisha.

Mahakama ni wazi kwa umma na kuingia ni bure. Orodha ya kesi isomwe kabla ya kwenda: zilizoandikwa kutajwa humalizwa kwa dakika chache, wakili anasimama, tarehe inapangwa, basi. Nenda siku ya kusikizwa, uone shahidi akihojiwa. Hukumu zenyewe ziko bure kwenye tovuti ya Kenya Law, kwa hivyo udogo wa maktaba ya bewa si kilema kikubwa kama zamani.

Udhaifu wa mabewa ya mjini uko kwingine. Wahadhiri wengi ni wa muda, mawakili wenye kesi zao. Kesi ikivuta, kipindi cha jioni huahirishwa. Alama huchakatwa makao makuu, na alama zinazopotea ni donda la vyuo vingi nchini. KSL hupokea wanafunzi mara moja kwa mwaka. Somo moja lisilo na alama laweza kukugharimu mwaka mzima. Hifadhi nakala ya kila kazi na kila kadi ya mtihani, udai alama muhula ule ule. Anayetoka kazini Changamwe au anayevuka kwa feri ya Likoni naye ajaribu safari hiyo saa za jioni kabla hajajisajili.

Nairobi ina Mahakama ya Juu, mahakama za Milimani zenye vitengo vya biashara na katiba, Bunge, na kampuni kubwa za mawakili zinazochukua wanagenzi wanaojulikana kwao tayari. Kijana anayelenga sheria za mabenki au kodi, na mwenye wa kumlipia, aende huko. Kwa mwingine, busara ni kusoma nyumbani na kuweka akiba kwa ajili ya Karen, ambako karo peke yake ni nzito, na bado chumba, chakula na nauli. Kuna masomo 9. Mtihani wa mwisho una alama 60, kazi za mradi na mtihani wa mdomo 40, na kupita ni 50. Kurudia ni jambo la kawaida na kila karatasi ina ada yake. Uanagenzi waweza kuufanya Mombasa, chini ya wakili mwenye angalau miaka 5 ya kazi. Malipo mara nyingi ni nauli tu, kwa hivyo bajeti ifike hadi hapo.

Karani wa forodha, afisa wa bima au wa kaunti anayetaka LLB ili apande cheo ana hesabu nyingine kabisa. Karen haimhusu, wala masharti yake. Kwake darasa la jioni hapa mjini ndilo jibu, mradi leseni iwe hai na alama zitoke kwa wakati.