Mjumbe Hauawi, Lakini Ataulizwa

Franz Jägerstätter alikuwa mkulima na msakristia wa kijiji cha St. Radegund nchini Austria, na mwaka 1938 alikuwa peke yake kijijini kupiga kura ya kukataa nchi yake iunganishwe na Ujerumani ya Hitler. Kabla ya kuitwa tena jeshini alimwendea askofu wa Linz na kumuuliza kama Mkristo anaruhusiwa kupigana vita anavyovijua kuwa si vya haki. Askofu alimjibu kwamba kupima matendo ya serikali halikuwa jukumu lake, na kwamba wajibu wake ulikuwa kwa mke na watoto wake.

Nimelitafakari jibu hilo kwa muda mrefu, kwa sababu halikutolewa na mtu mkatili. Lilitolewa na mchungaji aliyetaka kumwokoa baba wa familia, na ndiyo maana naliona la hatari zaidi: lilimfundisha muumini kwamba dhamiri yake inaweza kuwekwa amana kwa wakubwa, nao ndio watakaoitolea hesabu.

Sisi nasi tuna maneno yetu ya kazi hiyo hiyo. Tunasema "nimetumwa tu", au "ni maagizo kutoka juu", na tukibanwa zaidi tunakimbilia methali ya mjumbe hauawi. Methali hiyo humlinda aliyebeba habari. Haikutungwa kwa ajili ya aliyebeba bunduki, wala kwa karani anayeandika majina ya watakaochukuliwa usiku huku akijua wanapelekwa wapi. Dhuluma kubwa huhitaji dereva, mpiga chapa na mshika funguo, na kwa kuwa kila mmoja ameshika kipande kidogo, wote huamini kwamba mikono yao ni mitupu.

Wanaoutegemea mlango wa 13 wa Warumi wana hoja ambayo siidharau, kwani Paulo anafundisha kweli kwamba mamlaka hutoka kwa Mungu. Lakini mamlaka iliyotolewa ina mipaka ya aliyeitoa, na mitume waliujua mpaka huo walipoliambia Baraza la Wayahudi, "Imetupasa kumtii Mungu kuliko wanadamu" (Matendo 5:29). Jägerstätter hakukataa utii wote. Alikuwa amekwisha kupitia mafunzo ya kijeshi, na Machi 1943 alipokataa kupigana alikuwa tayari kuwahudumia majeruhi. Mahakama ya kijeshi mjini Berlin ilimhukumu kifo tarehe 6 Julai, akakatwa kichwa tarehe 9 Agosti.

Mzigo ulimwangukia Franziska, mkewe, ambaye mwanzoni alimsihi abadili nia na baadaye akasimama naye. Baada ya vita kijiji kilimlaumu, na kwa miaka kadhaa alinyimwa pensheni ya ujane. Siwezi kuandika kana kwamba gharama ya dhamiri hulipwa na mwenye dhamiri peke yake. Tarehe 26 Oktoba 2007 Franz alitangazwa na Kanisa Katoliki kuwa Mwenyeheri, hatua iliyo kabla ya kutangazwa mtakatifu, katika kanisa kuu la Linz, jimbo lile lile ambalo askofu wake alimwambia kwamba jambo hilo halimhusu. Franziska alikuwepo, akiwa na miaka 94.