Shokapu ya Milimita 160

Fundi wangu wa Soweto, hapa Mbeya, alinionya mapema. Sikusikia, maana nilikuwa na hela mfukoni.

Nilikuwa naunga baiskeli ya milimani, ile nyepesi ya kukimbiza njia za msituni, panda-shuka. Fremu ninayo, ringi ninazo, breki za diski ninazo. Imebaki shokapu ya mbele. Fundi akaniwekea moja mezani: ya hewa, inazama milimita 100, uzito kama kilo moja na nusu, na begani ina kifungio cha kuikaza unapopanda mlima, nguvu za miguu zisiishie kwenye kudunda.

Nikaitazama. Miguu myembamba kama ya korongo. Halafu ya hewa! Hewa mimi naijua, inakaa kwenye tairi na kila wiki inaniaibisha.

Yangu niliikuta sokoni Mwanjelwa. Springi ya chuma, miguu minene, milimita 160. Nilipoikandamiza ilizama, ikarudi taratibu kama mkwe anayeinuka mkekani. Nikalipa bila kuomba punguzo, jambo ambalo pale Mwanjelwa ni dalili ya ugonjwa.

"Mwalimu," fundi akasema, "hii ni ya watu wa kuteremka zaidi. Fremu yako imepimiwa mia. Ukiongeza sitini, pua itapanda."

"Kikizidi si ndiyo raha?"

Hakujibu. Akaifunga, akachukua elfu kumi yake, akanisindikiza kwa macho.

Jumamosi nikashika barabara ya Chunya, kuelekea Kawetire. Mwanzoni nilikuwa mfalme. Mlima uliposimama, gurudumu la mbele likaanza kuyumba kutafuta njia yake lenyewe, kisha likanyanyuka. Nikajikuta chali mtaroni, baiskeli kifuani, shokapu bado inanesa.

Bibi mmoja aliyejitwika kuni akasimama. "Mwe! Baba, hapo nani anamwendesha mwenzake?"

Vijana waliokuwa wanauza viazi kando ya barabara ndio walionipa ushauri wa kitaalamu: mbele panataka uzito. Nikanunua ndoo nzima, tukaitia kwenye kiroba, tukakifunga kwenye usukani. Yaani mtu aliyekuwa anahesabu gramu za pedeli sasa amebeba viazi vibichi kwenda kuangalia mandhari.

Na ilifanya kazi! Gurudumu likatulia chini. Ila kila nikikanyaga pedeli, viazi vinasujudu, springi inaviinua. Vijana walinifuata kwa miguu, bila haraka, wakicheka mpaka kilele cha kwanza.

Kurudi ndiko kulikokuwa na kazi. Kona ya kwanza nikabana breki, shokapu ikapiga mbizi, kamba ikakatika. Viazi vikanitangulia mjini. Nilipomfikia yule bibi alikuwa ameshatua kuni, anaokota, kanga imejaa.

"Ndaga fijo, baba," akanishukuru kwa Kinyakyusa, bila kuinua kichwa.

Jumatatu nikaikokota baiskeli hadi kwa fundi. Hakuuliza kitu. Aliinama, akachomoa kiazi kilichokuwa kimebanwa kati ya tairi na shokapu, akakiweka mezani pembeni ya ile ya milimita 100.

"Ya hewa bado ipo, Mwalimu. Ila bei imepanda kidogo, kama pua ya baiskeli yako."