Msijikamulie majani machoni jamani
Hii habari ya chembe za nano, yaani chembe ndogo mno, zinazotokana na mimea kutibu macho makavu imenipa moyo sana ila naona wengine hapa washaanza kuuliza ni majani gani ya kukamua, jamani hapana! Utomvu ukiingia jichoni unaweza kuchoma kioo cha jicho ukapata kidonda hata upofu, madaktari wa macho huku kwetu wanalijua hilo vizuri. Maabara wanafanya kitu kingine kabisa, mfano wanachukua kile kiini cha njano cha binzari ambacho kwenye maji hakiyeyuki, wanakifungia kwenye chembe ndogo kuliko hata seli ili kikae jichoni, maana matone ya kawaida machozi yanayasomba ndani ya dakika chache tu. Na mengi bado yanajaribiwa kwa panya na sungura. Nyie mnaosema dawa za asili ni uongo, saiklosporini ya matone iliyoruhusiwa Marekani 2002 kwa macho makavu asili yake ni kuvu wa kwenye udongo wa Norwei. Naomba tu hizi dawa za chembe za nano zikifika huku bei iwe ya kawaida, sisi wa kompyuta kutwa nzima macho yanawaka kweli.