Mafunzo ya kompyuta kwa walimu: tuanzie kwenye somo au kwenye mashine?

Skuli za Unguja na Pemba zinapopokea kompyuta, walimu huitwa semina: kuwasha, kuandika, kuhifadhi faili, kutayarisha slaidi. Wakirudi darasani, kazi mradi ya wanafunzi mara nyingi hubaki ileile, ila sasa imechapwa. Wapo wanaosema mafunzo hayo ni kupoteza muda, mwalimu afundishwe teknolojia ndani ya somo lake. Wengine hujibu kuwa asiyeweza kufungua faili hawezi kuongoza mradi wowote. Nauona ukweli kwa wote, ingawa uzito haulingani.

Wazo la wale wa kwanza lina historia. Mwaka 1986 Lee Shulman, mtaalamu wa elimu wa Marekani, alieleza kuwa kulijua somo hakutoshi. Upo ujuzi wa pekee wa kulifundisha somo hilo. Mwaka 2006 Punya Mishra na Matthew Koehler, wa Chuo Kikuu cha Jimbo la Michigan, waliongeza teknolojia. Kwao, kinachomfaa mwalimu zaidi ni pale somo, ufundishaji na teknolojia vinapokutana.

Tuchukue mradi wa sayansi Paje au Jambiani, vijiji vya pwani ya Unguja, kwa wakulima wa mwani. Wanafunzi wanachunguza kwa nini cottonii, aina ya mwani yenye bei nzuri kuliko aina nyingine, spinosum, inakufa, na joto la bahari ni miongoni mwa sababu zinazotajwa. Kila siku saa nne asubuhi wanapima joto la maji, wanaingiza namba kwenye jedwali la kompyuta, na grafu inatoka safi kabisa. Lakini wakati wa bamvua, maji yanapojaa na kupwa sana, saa nne maji yamekupwa, na yale machache yaliyobaki hupashwa na jua. Wiki moja baadaye, wakati wa maji mafu, yanapojaa na kupwa kidogo, saa hiyohiyo bahari imejaa, kwa sababu kupwa husogea mbele kama dakika 50 kila siku. Grafu ile basi imechanganya joto la bahari na kupwa na kujaa, wala programu haitamwonya mtu.

Atakayeligundua hilo ni mwalimu. Atawauliza, "Maji yalikuwa wapi mlipopima?" kisha atawaachia waifikie safu inayokosekana kwenye jedwali. Akiwa hodari zaidi, atawapeleka kwa mama mmoja anayelima mwani, ambaye kalenda ya bamvua anayo kichwani.

Hata hivyo, mwalimu huyo asipojua kuongeza safu na kupanga data, mradi utamfia mikononi mbele ya watoto, na hatothubutu tena. Kwa hiyo mafunzo ya msingi si ya kudharauliwa. Tena kumtaka aunganishe ujuzi wa aina tatu, huku darasa limefurika na kompyuta ni chache, ni mzigo mkubwa. Watafiti wenyewe wamelalamika kuwa mipaka ya aina hizo ni migumu kuipima.

Bado sioni haja ya kutenganisha semina mbili. Mwalimu anayejifunza kupanga data za joto la maji amejifunza kupanga data. Vituo vya walimu, kama cha Kitogani, viwakusanye walimu wa somo moja, kila mmoja aje na mradi atakaoufundisha muhula unaofuata, na fundi wa kompyuta akae pembeni yao wanapoutayarisha. Cheti kitolewe baada ya kazi za wanafunzi kukaguliwa, si siku semina inapofungwa.