Nyumba za mji zisizouzwa: Lubumbashi izijenge?

Anayetafuta nyumba hapa Lubumbashi, Kongo, huhesabu garanti, yaani amana ya mwenye nyumba, kabla ya kuuliza kama maji yanatoka. Tuchukue mfano wa vyumba viwili vya dola 100 kwa mwezi. Mwenye nyumba anataka miezi sita mkononi, komisionea, yaani dalali, naye anataka mwezi wake: dola 700, na hujaingiza hata godoro. Sheria ya upangaji ya tarehe 31 Desemba 2015 inasema garanti ya nyumba ya kuishi isipite miezi mitatu. Ukiitaja mlangoni, unaambiwa kuna wengine wanasubiri. Na ni kweli, wapo.

Ndiyo maana wazo la mji au jimbo kujenga nyumba na kuzipangisha kwa bei isiyofuata soko linanigusa. Ninaliunga mkono kwa sharti moja, na sharti hilo nimelipata kwa kuwasikiliza wanaolipinga.

Hoja yao ya kwanza tunaipita kila siku barabarani. Union Minière, kampuni ya madini ya wakati wa ukoloni iliyoanzishwa mwaka 1906, ilijenga kambi zenye nyumba, posho, zahanati na shule, na Gécamines, kampuni ya Serikali, ikazirithi. Lakini nyumba ya kambi ilishikamana na kazi ya baba. Mwaka 2003 Gécamines ilipoanza kuwaaga wafanyakazi zaidi ya 10,000 katika ule mpango ulioitwa wa kuondoka kwa hiari, jamaa nyingi zilipoteza kwa mkupuo mmoja kila kilichofuatana na mshahara. Kabla ya hapo kulikuwa na OCA, ofisi ya serikali ya kikoloni iliyoundwa mwaka 1952, iliyojenga Ruashi kwetu na Bagira kule Bukavu. Tembea Ruashi leo: nyumba zile bado zimesimama, lakini ni za watu binafsi, na uani mmejaa vyumba vya kupangisha kwa bei ya soko. Tena kila mkaaji wa mji huu anaweza kukuonyesha jengo la Serikali lililoishia mikononi mwa mkubwa fulani. Mtu akisema nyumba za mji zitagawanwa na wakubwa, anasema alichokiona kwa macho yake.

Hoja ya pili inaniuma zaidi. Wenye nyumba wetu wengi si matajiri. Mjane wa Katuba aliyejenga vyumba vitatu kwenye parseli aliyoachiwa na mumewe, vyumba hivyo ndivyo pensheni yake. Ndivyo vinavyolipa minervali, yaani ada ya shule, ya wajukuu. Ukimshushia bei kwa amri, umemtua mpangaji mzigo ukamtwika bibi kizee. Hapo ndipo naona kujenga ni bora kuliko kubana bei. Nyumba mia chache za mji hazitamwondolea mama huyo wapangaji, maana wanaotafuta ni wengi mno, ila zitampa mpangaji mnyonge mahali pengine pa kugonga hodi.

Kuhusu fedha, wengi hutaja Vienna, mji mkuu wa Austria. Vienna ilipata hadhi ya jimbo mwaka 1922, mwaka uliofuata ikatoza kodi ya majengo iliyobana zaidi nyumba za kifahari, na kufikia 1934 ilikuwa imejenga makazi zaidi ya 60,000. Leo ina karibu 220,000. Meya wetu huteuliwa. Hana uwezo wa kubuni kodi kama ile. Lakini tuna shaba. Sheria ya madini iliyorekebishwa mwaka 2018 inalipa jimbo asilimia 25 ya mrabaha, yaani malipo ya kampuni kwa madini zinayochimba, na asilimia 15 inakwenda kwa mji, komini, sekta au usultani ambako mgodi upo. Katiba nayo, katika kifungu cha 204, inayaweka makazi ya mijini chini ya jimbo. Haut-Katanga, jimbo letu, haihitaji kusubiri Kinshasa ili ianze.

Wapinzani husema maji na umeme kwanza. Hapo wana haki, na kifungu cha 48 cha Katiba kinayataja makazi, maji na umeme kwa pamoja. Basi tujenge kwenye viwanja vya umma vilivyobaki ndani ya mji, Kenya au Kampemba, ambako mabomba yamekwisha kufika. Tukijenga mbali, nauli itameza kile mpangaji alichookoa kwenye kodi ya nyumba.

Sharti langu linatokana na Ruashi. Tangu sheria ya mwaka 1973 ardhi ni mali ya Serikali, kwa hiyo hakuna kinacholazimisha kiwanja cha umma kigeuke hati ya mtu. Bunge la jimbo lipitishe edi, yaani sheria ya jimbo, inayokataza nyumba hizo kuuzwa, hata kwa anayekaa ndani yake. Orodha ya waliopewa ibandikwe ukutani kwenye ofisi ya komini, wapangaji wachague wenzao wa kukaa kwenye kamati, na kodi ya nyumba ilipwe kwa faranga, kwa kiasi kinachotosha kutengeneza paa na choo vinapoharibika.

Kama katazo hilo halitaandikwa kabla ya tofali la kwanza, mimi nitahamia upande wa wapinzani, na nitaomba mrabaha uende kwenye mabomba ya komini ya Annexe, ambako akina mama wananunua maji kwa bidoni.