Kampeni za saratani zifuate mwezi wa wavuvi

Mwanamke wa Nyamagana, ndani ya jiji la Mwanza, akiamua leo kwenda kuchunguzwa saratani ya mlango wa kizazi, anapanda daladala. Hospitali ya Bugando iko pale kilimani, ya Sekou Toure iko katikati ya mji, na jioni anawapikia wanawe kama kawaida. Mwenzake wa kisiwa cha Ukara, ndani ya Ziwa Victoria, akiambiwa aje Mwanza, ana kivuko cha kutoka Bwisya hadi Bugolora, gari hadi Nansio, kisha saa kama tatu za ziwani. Daraja la Kigongo–Busisi lililofunguliwa mwaka 2025 limewafaa sana watu wa Sengerema, lakini halifiki Ukara wala kisiwa cha Kome.

Halafu wanawake wa visiwani wakijitokeza wachache, tunasema wanaogopa, au hawana elimu. Mimi hilo silikubali. Hofu ipo, hata mjini ipo. Ila mwaliko tunaoupeleka mwaloni, kule wavuvi wanakoshusha mzigo wao, hauangalii maisha ya mwaloni yanavyokwenda.

Anayeijua kazi ya dagaa anajua kwamba inaendeshwa na mwezi. Usiku wa giza mitumbwi inatoka na taa, alfajiri mzigo unatua, na wanawake wanaupokea. Wanaanika kwenye chanja au mchangani, wanageuza, jicho likiwa kwenye mawingu, kwa sababu mvua moja inaharibu mtaji wote. Mwambie mama huyo aache dagaa juani saa nne asubuhi akapange foleni zahanati. Hawezi, na si kwa ujinga. Lakini ikiingia mbalamwezi, dagaa hawavutwi tena na taa na wavuvi wanapumzika. Baadhi ya watu hurudi kwao. Wanaobaki kambini wana nafasi. Hizo ndizo siku za kupeleka wauguzi. Kalenda hiyo kila mtoto wa mwaloni anaijua, nasi tunapanga kampeni kwa tarehe za maadhimisho.

Uchunguzi wenyewe hauhitaji mitambo mikubwa. Muuguzi aliyefunzwa anapaka siki kwenye mlango wa kizazi, na sehemu yenye mabadiliko inageuka nyeupe. Mabadiliko mengi ya awali yanaweza kutibiwa siku hiyo hiyo kwa kifaa kidogo cha joto. Hilo la siku hiyo hiyo ni muhimu mno kwa mtu wa kisiwani, maana kumwambia "rudi wiki ijayo" ni sawa na kumwambia asirudi. Kipo pia kipimo cha HPV, virusi vinavyosababisha saratani hii, ambacho mwanamke anajichukulia sampuli mwenyewe, faraghani. Shirika la Afya Duniani linakikubali, na kwa anayeona haya kuvua mbele ya muuguzi anayemfahamu, kinaondoa kikwazo kikubwa.

Jambo jingine linaloniuma ni VVU. Jamii za wavuvi zina maambukizi mengi kuliko wastani, na mwanamke anayeishi na VVU ana hatari ya saratani hii takriban mara sita ya asiye navyo. Kwa hiyo wanaohitaji zaidi kuchunguzwa ndio tuliowaweka mbali zaidi na huduma.

Na Mwanza si wageni katika vita hii. Wasichana 930 wa hapa walishiriki utafiti uliosaidia kuonyesha kwamba dozi moja ya chanjo ya HPV inatosha, na mwaka 2024 Tanzania ilianza kutumia dozi moja kwa wasichana wa miaka 9 hadi 14. Watoto wetu wameisaidia dunia. Mama zao wa mwaloni, ambao umri wa kuchanjwa umewapita, wamebakiwa na uchunguzi tu.

Nawaomba wakurugenzi wa halmashauri za Ukerewe, Buchosa na Sengerema wakae na viongozi wa BMU, vikundi vya wavuvi vinavyosimamia mialo, kabla ya kupanga ratiba ijayo, waulize mbalamwezi inaangukia lini, waweke mafuta ya boti kwenye bajeti, na kifaa cha matibabu kipande boti hiyo hiyo. Kisha takwimu zitolewe kisiwa kwa kisiwa, mwalo kwa mwalo, maana wastani wa mkoa unaibeba Nyamagana na kuificha Ukara.